Hewa inavuja pembeni mwa mdomo nikipanda noti za juu: jibu kwa mpiga tarumbeta wa Nakuru

Swali lilikuja hivi: "Mwalimu habari. Napiga tarumbeta kanisani hapa Nakuru, huu ni mwaka wangu wa pili. Noti za chini na za katikati ziko sawa, lakini nikifika ile G inayokaa juu ya mistari mitano hewa inaanza kunitoka kona ya kushoto ya mdomo, ssss, na tukifika wimbo wa tatu hata E inakataa. Mmoja kwa bendi ananiambia nibonyeze zaidi, mwingine anasema nivute midomo kama natabasamu. Nimefanya zote mbili na imekuwa mbaya zaidi. Mauthpisi yangu ni 7C, na mwenzangu wa kushoto tunayesoma naye stendi moja ananiambia ninunue ingine. Nifanye nini?"

Asante dadangu, na asante zaidi kwa kutaja upande, wengi huwa wanasema tu "hewa inatoka" na mimi nabaki kukisia. Hiyo kona ya kushoto pamoja na huyo mwenzako wa kushoto ndio imenifungua macho, nitakuambia kwa nini huko mbele. Lakini kwanza acha hayo mambo mawili uliyoambiwa, uyaache leo. Kubonyeza na kuvuta tabasamu ndivyo vitu vinavyofungua hizo kona, kwa hivyo umekuwa ukiongezewa ugonjwa ukidhani ni dawa, na waliokuambia hawakuwa na nia mbaya, ndivyo nao walivyofunzwa. Hata mimi ndivyo nilifunzwa.

Kitu kimoja nataka ukishike kuliko vyote: hewa haikuanza kukutoka kwa G. Kwa G ndipo uliiskia. Ilianza chini huko, kwa hizo noti unazoniambia ziko sawa, ikatoka kidogo kidogo bila kelele, na ukija kuiskia kona imeshachoka kitambo. Mtu akikimbilia kutibu G anatibu mahali ambapo hakuna kidonda. Nimefunza tarumbeta na koneti, ile ndugu yake fupi, hapa Kisumu miaka mingi na hii ndio shida naona watu wakiishi nayo muda mrefu zaidi bila sababu, wengine wanaacha kabisa kupiga wakisema midomo yao haikuumbwa kwa hii kazi, na inaniuma sana, manake karibu wote walihitaji tu kurudi chini noti tatu nne.

Kabla hatujafika kwa mdomo, hakikisha si chombo. Chomoa kidogo slaidi ya tatu, kale kabomba ka kuvuta ka valvu ya tatu, bila kubonyeza valvu yoyote (zile pistoni za vidole), halafu ubonyeze valvu ya tatu, unafaa kuskia kamlio "pop". Usipoiskia kabisa basi hewa inapita mahali haifai. Kisha angalia kale kafunguo ka kumwagia mate, paka maji kidogo pale koki, kale kakizibo kake kadogo, inakutana na bomba, puliza, uone kama kuna povu. Nasema hivi kwa uchungu. Nikiwa sekondari kule Vihiga nilikaa muhula mzima napiga koneti ya shule ambayo koki yake ilikuwa imeliwa upande mmoja, na aliyekuwa anatufunza akawa ananiambia tu "bonyeza, bonyeza", nami nikabonyeza mpaka asubuhi moja nikaamka mdomo wa juu umefura na kuna alama ya duara ambayo haikutoka wiki nzima. Koki ni kitu kidogo sana, mtu anakibadilisha akiwa amekaa kwa kiti, na hakuna mtu alikuwa ameikagua.

Cha pili, hakikisha hewa haitoki puani. Ukipiga noti ya juu ukaskia kama mtu anakoroma nyuma ya pua, hiyo ni shida ingine kabisa, ile nyama laini ya nyuma ya kaakaa inashindwa kufunga njia ya pua, na hapo hakuna zoezi la kona litakusaidia. Inakuja sana kwa watu waliochoka ama waliorudi kupiga ghafla baada ya kukaa miezi bila kugusa chombo. Mara nyingi kupumzika inatosha, ikiendelea muone daktari wa masikio, pua na koo. Wewe umesema ni kona kwa hivyo tuendelee.

Sasa hii hapa ndio kazi ya leo jioni. Chukua maji kwa glasi, chovya kidole, paka kona zote mbili za mdomo ziwe na unyevu bila kudondoka. Simama karibu na dirisha kukiwa bado na mwangaza, egemeza simu kwa kitu ikukaribie kama urefu wa mkono, washa kamera ya mbele urekodi. Piga polepole, sauti ya wastani, C ya nafasi ya tatu kati ya ile mistari mitano, kisha D, E, F, G, kila moja uhesabu nne, na usijitazame ukipiga kwa sababu mtu akijiona anajirekebisha. Ukimaliza tazama hiyo video ukiwa umezima sauti. Sauti inakudanganya, unaskia noti nzuri unadhani na mdomo uko sawa.

Nitakuambia nilichoona kwa kijana mmoja aliyekuja na shida kama yako, ili ujue unatafuta nini. Kwa C ngozi ya kona ilikuwa imetulia, pale midomo inakutana kuna kamstari kembamba ka kivuli, basi. Kwa D kale kamstari kakarefuka kidogo kuelekea shavuni, kama mtu ameanza kucheka akajizuia. Kwa E kakatokea kapovu kamoja, kadogo kama kichwa cha pini, kakatetemeka, kakapasuka, kengine kakaja pale pale. F ikawa povu kama la mtoto anayeota meno. Na kwa G hakukuwa na povu tena, maji yote yalikuwa yameshapulizwa kona ikakauka, na hapo ndipo ile ssss ikaanza kuskika. Huyo kijana alikuja akiniambia shida yake ni G. Shida yake ilianza D, povu likajitokeza E.

Kwa hivyo andika mahali noti ambayo povu la kwanza limetokea. Hiyo ndiyo noti yako ya kufanyia kazi, na hautaipita kwa mazoezi mpaka povu liondoke hapo.

Mbona kona inaachia? Midomo imezungukwa na msuli wa duara, na pembeni kwa kila kona kuna mahali misuli mingi ya uso inakutana kama fundo. Fikiria gunia la mahindi lenye kamba mdomoni. Ukivuta kamba gunia linakusanyika kuja katikati linafunga. Lakini ukishika mdomo wa gunia watu wawili mkavuta kila mtu upande wake, unakuwa mrefu na mwembamba na hakuna kitu kinazuia mahindi. Tabasamu ni hao watu wawili. Ni kweli ukitabasamu mdomo unakazika na noti inapanda, ndio maana watu wanaamini, na kwa wiki ya kwanza utaona kama imesaidia, lakini mdomo umekuwa mwembamba, nyama ya kati imeisha, na kona zimevutwa mbali na mahali pa kuziba.

Sasa nenda jikoni. Mtu akipuliza makaa ya jiko midomo inakuja mbele kidogo, kona zinajishika zenyewe kwa meno, hewa inatoka nyembamba inaenda pale anataka. Ama ukipewa chai ya moto sana ukaipuliza. Hakuna mtu hupuliza chai akitabasamu, na hakuna mtu hewa imewahi kumtokea pembeni akipuliza chai. Hiyo sura unayo tangu utotoni, jina lake kwa watu wa shaba ni embushua, na mimi nakuomba tu uipeleke kwa mauthpisi, kile kikombe cha kuwekea mdomo, vile ilivyo. Kona zishike, katikati palegee. Watu wengi wanafanya kinyume, wanabana katikati na kona zinalala.

Kuhusu hewa yenyewe, kuna uongo mkubwa kwamba noti ya juu inataka hewa nyingi. Noti ya juu inataka hewa yenye msukumo, lakini kiasi chake kinapungua vile unapanda. Angalia hesabu: ukiwa umetyuni A ya 440, kwa tarumbeta ya kawaida ya B-flat, ambayo C yake ni B-flat ya kinanda, ile C ya nafasi ya tatu midomo inafunguka na kujifunga karibu mara 466 kwa sekunde, G yako karibu mara 698, na ile C ya juu kabisa karibu 932. Kwa mwendo huo tundu linafaa kuwa dogo sana. Ukilisukumia hewa ya kujaza gurudumu la lori itatafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu ni hiyo kona. Ni kama unamwagilia sukuma wiki na mpira, ukiziba mdomo wa mpira kidogo na kidole maji yanaenda mbali na hujafungua bomba zaidi, lakini ukifungua bomba mpaka mwisho na kidole bado kimeziba, mpira unachomoka kule kwa bomba.

Kinachosaidia tundu libaki dogo bila kubana ni ulimi. Piga mluzi wa kawaida, toka chini uende juu, na ushike kona zako kwa vidole viwili. Utaona kona hazisogei hata kidogo, kinachopanda ni katikati ya ulimi, kama unasema "aaa" ukielekea "iii" bila kubadilisha midomo. Fanya hivyo hivyo kwa tarumbeta.

Haya, tuje kwa kubonyeza. Ukisukuma tarumbeta usoni kwa mkono wa kushoto, mduara wa mauthpisi unakandamiza midomo kwa meno, damu haipiti vizuri, nyama inafura, na kwa muda mfupi noti inatoka. Ndio maana wimbo wa kwanza unaweza na wa tatu E inakataa, wewe mwenyewe umeshajieleza. Na kitu kingine ambacho watu hawaoni, ukikandamiza katikati, kona hazina tena haja ya kufanya kazi, zinaambiwa na mwili zipumzike, hewa inatoka. Angalia kidole chako kidogo cha mkono wa kulia. Kama kiko ndani ya ile ndoano juu ya bomba na kucha imekuwa nyeupe, unavuta chombo usoni bila kujua. Kitoe, kikae juu ya ndoano tu, hata kanisani. Utaogopa siku mbili tatu utadhani tarumbeta itaanguka, haitaanguka, mkono wa kushoto ndio umeibeba.

Na wakati unafanya mazoezi jaribu hivi mara moja kwa wiki, laza tarumbeta juu ya kiganja wazi cha mkono wa kushoto, usiishike, piga C ya katikati na G ya chini yake. Sauti itakuwa nyembamba lakini itatoka, na utaskia kona zinaamka, hiyo hali ya kona kuamka ndio unaitafuta kila siku.

Sasa ile habari ya kushoto. Umeniambia mnasoma stendi moja na mwenzako amekaa kushoto kwako, maanake stendi iko katikati yenu, kushoto kwa macho yako. Hivi ndivyo naona bila kukuona: unageuza kichwa kushoto kusoma, lakini tarumbeta inabaki imeelekea mbele kwa watu ama kwa mwalimu wa kwaya. Mauthpisi haijui habari za stendi, inabaki imeangalia mbele, kwa hivyo upande wa kulia wa mduara unachimba mdomo na upande wa kushoto unakuwa mwepesi. Hewa inafuata penye wepesi. Unaweza kukaza kona ya kushoto mwaka mzima na kama stendi iko hapo hapo itavuja tu. Ukiwa nyumbani piga ukiangalia ukuta mbele yako, kichwa kimenyooka, halafu piga hiyo hiyo umegeuza kichwa kushoto, linganisha povu. Kama nimesema kweli, Jumapili mbadilishane viti ama kila mtu awe na karatasi yake, ama ugeuze kiti na mwili wote ukielekea stendi, tarumbeta na kichwa viende pamoja. Kama povu ni lile lile pande zote mbili basi stendi haina makosa, angalia meno. Mtu aliyeng'olewa jino la pembeni upande huo kona yake inakosa ukuta wa kuegemea, na hapo tunasogeza mauthpisi kidogo sana kuelekea upande wa pili, unene wa unga wa sembe kwa kidole, si zaidi. Mauthpisi kukaa pembeni kidogo si dhambi, wapo wapigaji wazuri sana ambao yao haiko katikati.

Taya pia. Tukipanda wengi tunarudisha taya ya chini nyuma bila kujua, mdomo wa chini unaingia ndani unaviringika, na mdomo wa juu unabaki peke yake. Acha taya ije mbele kidogo mpaka meno ya mbele yakaribie kulingana, na magego yasigusane. Video itakuonyesha, tarumbeta ikianza kuinama kwa F na G jua taya imekimbia.

Zoezi lenyewe sasa. Ni dakika ishirini asubuhi, na dakika kumi kati ya hizo hupigi. Nimesema hivyo kwa makusudi kwa sababu wengi mnajua mazoezi ni kupiga tu, lakini huu ni msuli mdogo, ukishachoka anayekuja kumsaidia ni mkono wa kubonyeza, na hapo unafunza mkono. Sema "mmm" kama umeonja kitu kitamu, midomo ifungane bila kubana, kona zishike, halafu bila kubadilisha chochote weka mauthpisi na upulize G ya mstari wa pili, ndefu, pole, mpaka pumzi iishe. Pumzika muda ule ule. Kisha uende C, pumzika. Halafu utoke C kwenda D bila kugusa ulimi, ukiteleza tu, mara mbili, pumzika. Tufanye noti yako ya povu ni E. Basi hapo utagusa E kwa sauti ndogo sana, ndogo ya mtu aliye na mtoto amelala chumba cha pili, uishike hesabu nne, na kona ikianza tu kuachia unaacha. Hauendelei ukisema nimalizie. Unaacha katikati ya noti, unatoa chombo mdomoni, unapumua, unarudi C. Hiyo kuacha ndio zoezi lenyewe, mwili unajifunza kwamba kona ikiachia hakuna noti, mpaka saa hii umeufunza kwamba kona ikiachia tunabonyeza na noti inatoka.

Sauti ndogo ni ngumu kuliko kubwa, utashangaa. Ukiweza E ndogo, safi, bila povu, siku tatu mfululizo, songa F. Usisonge kwa sababu wiki imeisha, songa kwa sababu povu limeisha. Kwa wengi niliowaona kutoka E mpaka G ilichukua wiki tatu mpaka sita, na kuna mmoja ilimchukua karibu miezi mitatu kwa sababu kila Jumamosi alikuwa anapiga kwa arusi toka asubuhi mpaka jioni anaharibu alichojenga.

Wakati huna tarumbeta, kwa mfano uko kwa matatu, chukua penseli uishike kwa midomo peke yake, bila meno, ikiwa imenyooka mbele. Dakika moja, mbili. Utaskia pembeni mwa mdomo panachoma. Usipitishe hapo na usifanye siku ambayo unapiga kanisani.

Kuhusu Jumapili sasa, najua huwezi kuwaambia kanisa wangoje wiki sita. Nenda kwa anayewapangia sauti umwombe sauti ya pili kwa muda, ama zile sehemu za juu uzishushe oktava nzima, hakuna atakayelia. Bendi za Jeshi la Wokovu, ambazo ndizo zimelea wapigaji wengi wa shaba huku magharibi, koneti zao zinagawana sauti ya kwanza na ya pili, wanapokezana, si mtu mmoja kubebeshwa juu toka wimbo wa kwanza mpaka baraka. Kwenye kikundi cha kanisa unapata tarumbeta ni moja inashindana na kinanda, gitaa na spika kubwa mbili, mpigaji hajiskii, anapuliza zaidi, kona zinafunguka. Omba maikrofoni. Hata moja ya zamani. Naomba sana hili usilione ni la maringo, nimeona kona zikipona kwa maikrofoni peke yake.

Midomo yenyewe iangalie vile vile. Nakuru kipindi cha Januari na Februari kuna ule upepo mkavu na vumbi, midomo inapasuka, na mdomo uliopasuka hauzibi. Paka mafuta usiku na baada ya kupiga. Kabla ya kupiga pangusa yaishe, mafuta mengi yanafanya mauthpisi iteleze na kona haishiki chochote. Lipshaini pia toa. Maji kidogo ya ulimi yanatosha.

Mauthpisi ingine usinunue. 7C ina upana wa ndani wa kama milimita 16, ni saizi ya kawaida kabisa, watu wamepiga nayo juu na chini maisha yao yote. Ukiweka kubwa sasa hivi itadai msuli ambao bado huna na povu litashuka mpaka C. Ukiweka ndogo yenye kikombe kifupi utapata G kwa wiki moja na kona zitabaki vile vile. Hiyo pesa itunze, ama ununue koki mpya na mafuta ya valvu.

Na kuna wapigaji ambao wanavuja kidogo tu na sauti yao ni safi, hawachoki, noti zote wanazo. Hao nawaacha. Sitafuti mdomo wa kupigwa picha. Wewe nakuambia urekebishe kwa sababu wimbo wa tatu E imekataa, kama ingekuwa ni ssss tu na bado una nguvu mpaka mwisho ningekuambia endelea na ibada yako.

Mambo mawili hayangoji mazoezi. Ukiamka siku moja upande wa uso umelegea, jicho halifungi vizuri, chai inamwagika kwa kona, usilinganishe na hii shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiskia maumivu makali ya ghafla ndani ya mdomo ukiwa unapiga, kama kitu kimekatika, na baadaye katikati pa mdomo hapana nguvu, weka chombo chini. Huo msuli wa duara unaweza kuchanika. Louis Armstrong, yule aliyepita Nairobi mwaka wa 1960 kwa ziara yake ya Afrika, alikuwa ameumiza mdomo vibaya miaka mingi kabla, katikati ya miaka ya 1930 ilibidi aweke tarumbeta chini miezi kadhaa, na alibaki na kovu maisha yake yote. Alipiga juu kwa nguvu sana usiku baada ya usiku. Wewe una miaka miwili tu kwa hiki chombo, sitaki uanze njia hiyo kwa sababu ya G moja.

Anza na ile video. Ukishaiona niandikie mambo matatu tu: povu la kwanza limetokea kwa noti gani, kidole chako kidogo kilikuwa wapi, na ukinyoosha kichwa linabadilika ama halibadiliki. Hayo matatu yakija nitakuambia kama ni stendi, ni taya ama ni mkono, na tutapanga pamoja wiki ya kwanza.